Opera ndogo ya watu wa Mirihi: andika chumba, sayari itajileta

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naongoza kwaya hapa Tanga na nimesomea muziki. Nina waimbaji wanne wa kutegemewa, yaani soprano, alto, tena na besi. Nina mpiga piano na mpiga fidla, na wapo mpiga selo na mpiga klarineti wanaokubali kuja kutoka Dar es Salaam kazi ikiwepo. Nataka kutunga opera ndogo ya Kiswahili kuhusu watu waliohamia Mirihi. Kila nikikaa kuandika najikuta na roketi inayoruka na dhoruba ya vumbi, na muziki unatoka kama wa sinema. Nianzie wapi? Mirihi isikike vipi kwa ala nne? Kiswahili kitakubali kuimbwa hivyo? Na mwisho wake unanisumbua: wafe, warudi, au vipi?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na kinachokukwamisha. Roketi na dhoruba ni vitu vya kutazamwa, na kwa picha sinema itakushinda kila siku. Wewe una sauti nne, ala nne na ukumbi. Lakini kipo kitu ambacho sinema hukipata kwa taabu na opera ndogo hukipata bure: watu wachache waliofungiwa mahali pamoja, wanaovuta hewa moja, na msikilizaji akiwa humo humo pamoja nao. Kwa kila tunachokijua leo, maisha ya Mirihi yatakuwa hivyo hasa. Atakayeishi kule ataiona sayari kupitia kidirisha na kioo cha kofia. Saa zake nyingi zitapita ndani, kati ya kitanda, mtambo wa hewa, bustani ya mboga na nyuso zilezile. Andika hicho chumba.

Waliotangulia walilijua hili mapema. Mwaka 1777, katika kasri la Eszterháza nchini Hungaria, Joseph Haydn alitoa opera yake ya ulimwengu wa mwezini, Il mondo della luna, kwa maneno ya Carlo Goldoni. Humo hakuna hata mmoja anayefika mwezini. Tajiri mmoja aitwaye Buonafede analeweshwa dawa na mnajimu wa uongo, anazindukia bustanini, anaaminishwa kwamba ameshafika juu, na yote hayo yanafanywa ili mabinti zake waolewe bila yeye kuweka pingamizi. Mwezi mzima ni bustani ya nyumbani, na muziki ndio unaomfanya aamini.

Karibu miaka mia mbili baadaye, tarehe 31 Mei 1959, Opera ya Kifalme ya Stockholm ikatoa Aniara ya Karl-Birger Blomdahl. Erik Lindegren aliyatoa maneno yake katika utenzi wa mshairi Msweden Harry Martinson. Hiyo isome na uisikilize kabla hujaandika noti hata moja, kwa sababu iko karibu sana na unachokitaka. Watu 8,000 wanaondoka katika Dunia iliyoharibiwa na vita kwenda kuanza maisha Mirihi. Chombo chao kinakwepa kimondo, kinapoteza njia, na hakifiki kamwe. Humo chomboni mna mashine iitwayo Mima inayowaonyesha mandhari za walikotoka, na sauti zake Blomdahl alizitengeneza kwa mitambo na kuzirekodi kwenye kanda, jambo lililokuwa geni kabisa katika jumba la opera wakati ule. Siku Mima inapoona Dunia ikiteketea, inakufa kwa huzuni. Hapo watu wanabaki na wao wenyewe, na ndipo opera inapoanza kuuma. Sayari waliyokuwa wakiiendea haionekani jukwaani hata mara moja, wala mtazamaji haoni kuwa imekosekana.

Aniara lakini ni opera kubwa, yenye okestra, kwaya na wacheza dansi. Yako ni opera ya chumba, na katika aina hii mwalimu wetu sote ni Benjamin Britten. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, fedha haba, na yeye akatoa The Rape of Lucretia huko Glyndebourne kwa waimbaji 8 na wapigaji 13 tu. Mwaka 1954 akaenda Venice na The Turn of the Screw, wapigaji 13 tena, waimbaji 6, hadithi ya nyumba moja iliyo mbali na watu na yenye vivuli vya wafu. Kati ya onyesho na onyesho aliweka vipande vya ala pekee, 15 kwa jumla, na vyote ni tofauti za wazo moja la noti 12. Msikilizaji hahitaji kulijua hilo ili ahisi kwamba kuta zinamsogelea.

Katika kikosi cha namna hiyo kila ala iko peke yake. Okestra kubwa ina safu nzima ya fidla. Mmoja akikosea au akiugua, wenzake wanamfunika. Wewe una fidla moja, na akinyamaza, hakuna fidla. Hali ya walowezi wako ni hiyo hiyo: fundi wa maji akiugua, hakuna fundi wa pili, na meli nyingine ya anga haiji kabla ya miezi 26 hivi, kwa sababu Dunia na Mirihi hukaa mkao mzuri wa safari mara moja tu katika kipindi hicho. Usione haya ya uchache wa ala zako. Mpe kila mpigaji kazi ambayo msikilizaji ataijua baada ya dakika kumi, kisha siku moja iondoe kazi hiyo na usimpe mwingine aijaze.

Na kama bado unahofu kwamba ala nne hazitoshi kumfikisha mtu sayari nyingine, mfikirie mtunzi Arnold Schoenberg. Mwaka 1908 huko Vienna alitoa kwarteti yake ya pili: fidla mbili, viola na selo. Katika sehemu ya mwisho anasimama soprano na kuimba shairi la Stefan George linaloanza kwa mtu kusema anahisi hewa ya sayari nyingine. Kabla hajaimba, nyuzi zikiwa zimezibwa sauti, noti zinaanza chini kwa selo, zinapanda kwa viola, kisha fidla ya pili, kisha ya kwanza, mpaka sikio linapoteza ardhi. Watazamaji wa siku ile walizomea. Lakini muziki wa karne nzima ulibadilika kwa wapigaji wanne na mwanamke mmoja.

Sasa tuje kwenye dhoruba yako. Ina kasoro ya kisayansi, na kasoro hiyo itakufaa. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Mgandamizo wake haufiki hata asilimia moja ya ule wa hapo Tanga. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ambao kwetu ungeng'oa mabati, kule ungekugusa kama upepo mwanana. Kinachoua katika dhoruba ya Mirihi ni giza. Vumbi laini hupanda likafunika anga, wiki hata miezi. Mwaka 2018 dhoruba iliyoizunguka sayari nzima ililizima gari la utafiti la Opportunity, lililokuwa likifanya kazi tangu 2004, kwa kuwa paneli zake za jua zilikosa mwanga. Halikupatikana tena.

Kwa hiyo toa ngoma na matoazi yote uliyoyaweka pale. Dhoruba ya kweli inapunguza. Anza ala zote nne zikicheza na taa zote zikiwaka. Kisha klarineti inaacha katikati ya sentensi yake. Fidla inavikwa sordina, kile kifaa cha kufifisha sauti. Piano inabaki na mkono wa kushoto, halafu noti moja moja. Mwishowe umebaki na selo na besi wako, na nguvu ya betri imeshuka kiasi kwamba watu wanne wanabishana nini kizimwe: taa ya bustani au kipasha joto cha chumba cha kulala. Hapo umepata onyesho la dakika 12 bila kupuliza kitu.

Umeuliza Mirihi isikike vipi. Tunajua inavyosikika. Gari la Perseverance lilitua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021 likiwa na maikrofoni, na vipimo vilivyochapishwa 2022 vina mambo ambayo mtunzi angeyalipia. Kwetu sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kule, sauti nene zilizo chini ya mitetemo 240 kwa sekunde huenda mita 240 hivi, na zilizo juu ya hapo huenda mita 250 hivi. Yaani sauti nyembamba inafika kabla ya nene. Mpaka wenyewe uko karibu na B iliyo chini kidogo ya C ya kati ya piano, upande wa chini wa eneo la alto wako. Halafu hewa yenyewe, ambayo asilimia 95 ni kabonidayoksaidi, inazila sauti za juu: zinatangulia kufika, lakini baada ya mwendo mfupi hazipo tena. Helikopta ndogo ya Ingenuity iliporuka mwishoni mwa Aprili 2021, maikrofoni iliyokuwa mita 80 hivi kutoka pale ilinasa mvumo wa mabawa yake, mitetemo 84 kwa sekunde. Hiyo ni E ya chini, imepanda kidogo tu. Selo yako inaishika bila taabu.

Usijaribu kuiga haya yote kwa usahihi wa maabara. Ile tofauti ya kasi sikio la mtu halitaisikia ukumbini. Chukua kanuni moja: nje hakuna juu. Onyesho lolote la nje ya makazi liandike chini ya C ya kati kwa ala zote, kwa sauti ndogo. Na waimbaji wakiwa nje wamevaa kofia hawasikiani kwa hewa, wanasikiana kwa redio, kwa hiyo waimbe karibu na maikrofoni, kavu, bila mwangwi wa ukumbi. Wakirudi ndani na mlango ukajifunga, mrudishie soprano noti zake za juu na uzime maikrofoni. Msikilizaji ataujua mlango huo kwa masikio.

Ndani nako kuna sauti isiyokoma. Kituo cha Anga cha Kimataifa hakinyamazi usiku wala mchana. Feni na pampu zinaunguruma, na makazi ya Mirihi yatakuwa hivyo hivyo kwa sababu hewa ni ya kutengenezwa. Hapa ndipo kwaya yako inapoingia, ingawa hukuitaja katika hesabu. Waweke watu 12 nyuma ya watazamaji, wasionekane. Waume noti moja midomo imefumbwa, wakipokezana pumzi kama mlivyozoea katika noti ndefu za zaburi, ili mvumo usikatike. Huo ndio mtambo wa hewa. Baada ya dakika tano watazamaji watausahau. Ukifika mahali mtambo unaharibika, waambie waache kupokezana: wote wavute pumzi pamoja. Mvumo utakatika, ukumbi mzima utasikia watu 12 wakivuta hewa kwa mpigo mmoja, kisha mvumo unarudi ukiwa chini kwa nusu toni. Fanya hivyo mara tatu tu katika opera nzima, na mara ya tatu usiurudishe. Na kama ukumbi wenu una feni za dari, zizimwe pale pale. Joto la Tanga litakusaidia kuliko taa yoyote.

Kuhusu hewa kuna kisa cha kweli ambacho ningekibeba kizima. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, walijifungia katika jengo la vioo la Biosphere 2 katika jangwa la Arizona, Marekani, kwa miaka miwili, walime na kula na kupumua humo humo. Oksijeni ikaanza kushuka, kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14.5. Vijidudu vya udongo uliojaa mboji vilikuwa vikiitumia na kutoa kabonidayoksaidi, na zege la jengo lenyewe, ambalo hakuna aliyelidhania, likaifyonza hiyo kabonidayoksaidi kabla mimea haijairudisha kuwa oksijeni. Watu walipanda ngazi wakitweta, waliamka usiku wakitafuta pumzi. Mwanzoni mwa 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Wakati huohuo walikuwa wamegawanyika makundi mawili, wanne kwa wanne, walioendelea kufanya kazi zao zote pamoja bila kuongea zaidi ya kilicholazimu.

Ona kilicho ndani yake kwa mtunzi. Adui ni ukuta wa nyumba. Huwezi kumwimbia ukuta kwa hasira. Kinachobaki ni pumzi ya mwimbaji: sentensi za sehemu ya kwanza ziwe ndefu, mipigo 16 bila kupumua. Kadiri hewa inavyopungua, ziwe 12, ziwe 8, ziwe 5, huku maneno yakiwa ni yale yale. Mwimbaji wako wa tena ataanza kukata neno katikati. Usimwelekeze aigize kutweta. Andika vituo vya pumzi mahali pasipo pa kawaida, na mwili wake utafanya uliobaki. Na wale wanaochukiana wape muziki wa kupokezana unaofungamana vizuri kabisa, kwa kuwa kazi lazima iende. Watu wasiosemeshana wakiimba kwa upatano kamili wanatisha kuliko wakigombana.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa opera yako, na ambalo barua yako haikuligusa: kuchelewa kwa ujumbe. Mawasiliano hayawezi kuupita mwanga. Mirihi ikiwa karibu nasi kabisa, kilomita milioni 55 hivi, neno huchukua dakika 3 kufika. Ikiwa upande wa pili wa jua, kilomita milioni 400, huchukua dakika 22. Hakuna simu. Hakuna "haloo" ikajibiwa. Mama akiwa Dunia na binti akiwa Mirihi hawawezi kuimba duweti, yaani wimbo wa sauti mbili zinazojibizana, na duweti ndiyo chakula cha opera tangu ianze.

Ifanye hiyo iwe sheria ya kazi nzima, kwa saa halisi. Tuseme opera yako ni ya dakika 80 bila mapumziko, na hadithi imewekwa wakati sayari ziko mbali kabisa. Dakika ya 8 alto wako anamtumia mama yake swali. Jibu haliwezi kufika kabla ya dakika ya 52. Kati ya hapo dhoruba imekuja, mtambo umekatika mara moja, mwimbaji wa tena amegombana na wa besi, na aliyeuliza si yule tena. Dakika ya 52 sauti ya mama inaingia. Irekodi mapema, maana hata katika hadithi ni ujumbe uliorekodiwa. Anajibu swali la mtu ambaye hayupo tena humo chumbani.

Kimuziki ni kanoni, ambayo kwaya yako inaijua: sauti moja inaanza, nyingine inaufuata wimbo uleule baadaye. Tofauti ni kwamba ya pili inaingia baada ya dakika 44. Mama aimbe melodia ileile ya binti, noti kwa noti, kama anavyofanya mzazi anayerudia neno la mwanawe kabla ya kulijibu. Lakini chini yake piano na selo hazipo tena kwenye ufunguo wa dakika ya 8. Muziki wa makazi umeshahamia kwingine. Noti zilizokuwa tamu zitasikika zimekosea njia, na mama hajui. Hilo haliwezi kuandikwa katika riwaya. Opera inaliweza.

Kuchelewa kwenyewe kueleze mara moja tu. Besi aseme "arobaini na nne" binti akimaliza kuimba, na asieleze zaidi. Watazamaji wataanza kuhesabu. Na ukitaka kipindi cha ukimya kamili, sayansi inakupa: kila baada ya miezi 26 hivi jua linakaa katikati ya sayari hizi mbili, na wataalamu huacha kutuma amri kwa vyombo vilivyoko Mirihi kwa wiki mbili hivi, kwa kuwa jua linaweza kuziharibu njiani.

Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Waweza kuitumia kwa mapigo mawili, moja 60 kwa dakika na jingine zaidi kidogo ya 58, yakiachana polepole kisha yakikutana tena. Ni mchezo mzuri kwa kipande kimoja cha ala. Usizidishe.

Kwa wahusika, soma kuhusu watu wanne walioishi siku 378 ndani ya makazi ya majaribio ya NASA huko Houston, kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024. Nyumba yao ilikuwa na mita za mraba 158, ilijengwa kwa printa, na hata ujumbe wao ulicheleweshwa makusudi kama wangekuwa Mirihi. Wanne, kama waimbaji wako. Mpe kila mmoja kazi ya mikono kabla ya kumpa tabia: nani anasafisha vichujio, nani anapima maji, nani anagawa chakula, nani anaweka kumbukumbu. Watu wa opera nyingi mpya hawana kazi, wanakaa tu na kuhisi. Walowezi wa kweli wamechoka. Na usisahau kuuliza mtambo ule ni mali ya nani, maana aliye na funguo za hewa ana serikali.

Kiswahili kitakubali? Kitakubali kuliko lugha nyingi za Ulaya, ukikiheshimu. Karibu kila silabi inaishia kwa irabu, na irabu ndiyo mwimbaji anayoisimamia. Tatizo tumelirithi katika nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa: tuni ya Kijerumani au Kiingereza imekaa, maneno yakalazimishwa, mkazo ukaanguka pasipo pake. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka mpigo mzito juu ya "wa" katika "hewa", masikio ya Tanga yatakukatalia hata kama hayajui kwa nini. Kwa hiyo yasome maneno kwa sauti, yapigie makofi, kisha ndipo utafute noti.

Na umbo unalo nyumbani. Opera inahitaji namna ya kusimulia haraka kabla ya kusimama na kuimba kwa kirefu. Wenzetu wana resitativo, sisi tuna utenzi, mizani nane kwa mstari, na umekuwa ukighaniwa pwani hii kwa karne kadhaa. Ujumbe wa binti unaweza kuanza hivi:

Mama pokea salamu
za mwanao mwenye hamu
hewa kwetu ni adimu
twaivuta kwa kipimo

Mistari mitatu inafungana, wa nne unakwenda peke yake kutafuta wenzake katika beti zijazo. Uweke kwenye noti tatu tu, alto peke yake na E ya selo chini, na utaona maneno yanavyotembea. Ukipenda kuongeza udi, unaruhusiwa, kwa kuwa hauna vizuizi na unaweza kuifuata fidla. Ile ala ya nyuzi ya taarabu iitwayo kanuni usiipange pamoja na piano. Vipande vyake vya toni vitagombana na vya piano na atakayesikika amekosea ni mpiga kanuni.

Jambo la mazoezi: waimbaji wa kwaya zetu wengi husoma solfa, yaani do, re, mi, wapiga selo na klarineti husoma noti za mistari. Andaa nakala zote mbili tangu siku ya kwanza. Ukianza kuhamahama funguo, solfa inachosha kwa "fe" na "ta" zisizokwisha, kwa hiyo badilisha do mapema na uiandike wazi.

Kuhusu mwisho: wasife, wala wasirudi. Kifo cha wote ni rahisi mno baada ya kuwafanya watu wahesabu hewa, na kurudi kunafuta kila kitu. Ningeuweka mwisho kwenye uamuzi. Meli ya pili yenye watu wanne iko tayari kuondoka Dunia, na mtambo ulioharibika sasa unatosha watano. Wanne wako wapige kura ya neno moja la kutuma, njooni au msije. Waimbe kura zao mmoja mmoja, na neno litumwe dakika ya 78. Watazamaji wameshafundishwa na dakika ya 8 kwamba jibu halitawakuta ukumbini.

Kwa hiyo ukiuliza uanzie wapi, anza na wimbo wa dakika ya 8. Kila kitu kinaning'inia hapo. Uandike kwa alto na piano, uimbwe mara moja mwanzoni mwa mazoezi ya kwaya, kisha endeleeni na kazi zenu za kawaida. Baada ya dakika 44 waombe waliousikia wauimbe midomo imefumbwa. Wakiukumbuka hata mistari miwili ya kwanza, endelea na onyesho linalofuata. Wakishindwa, uandike upya kabla hujagusa kingine.